Chokaa iliyosahauliwa: hitilafu ya miaka zaidi ya mia katika tangi la matumbawe

Leo naweka kando seva na hifadhidata. Kuna kisa kimenishika kwa wiki tatu sasa na mtanivumilia nikisimulie. Ni kisa cha hitilafu iliyokaa ndani ya mfumo kwa zaidi ya miaka 100, huku watu wenye akili nyingi wakiitazama kila siku kupitia kioo.

Mfumo wenyewe ni tangi la matumbawe la nyumbani: sanduku la kioo, maji ya chumvi, taa kali, pampu, na ndani yake matumbawe hai, yaani wale wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya mawe. Samaki wa maji baridi hata mtoto wa shule anaweza kuwafuga kwenye beseni. Matumbawe hayataki mchezo. Yanaweza kupendeza miezi mitano, kisha ncha zinapauka, nyama inabanduka kwenye mfupa, na mwenye tangi hajui amekosa nini.

Wanaoandika programu wanajua kwamba hitilafu ni za aina mbili. Ya kwanza huangusha programu papo hapo, na kila mtu ofisini anaiona. Ya pili huvuja polepole: programu inakula kumbukumbu kidogo kidogo, na siku ya 40 seva inalala bila kuaga. Katika tangi la matumbawe, hitilafu ya aina ya kwanza ilitibiwa mapema na vizuri. Ile ya pili ndiyo kisa chetu.

Tuanzie 1846. Mwanamke Mwingereza aitwaye Anna Thynne alikuwa Torquay, pwani ya kusini magharibi ya Uingereza, akapendezwa na matumbawe madogo ya huko (naam, yapo yanayoishi kwenye bahari baridi, si yote ni ya Watamu). Akayatia kwenye mtungi akaenda nayo London. Kupata maji mapya ya bahari mjini ilikuwa taabu, basi mtumishi wa nyumba akapewa kazi ya kumimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku, nusu saa au zaidi. Mwaka 1847 akaongeza mwani. Matumbawe yaliishi miaka, hata yakaongezeka, na mwaka 1859 akachapisha maelezo yake. Yule mtumishi ndiye pampu ya kwanza ya hewa ninayoijua, na jina lake sijaliona popote.

Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza mbele ya wakemia wenzake kwa nini jambo hilo linawezekana: mimea hutoa oksijeni, wanyama huitumia na kurudisha hewa ya kaboni, na konokono hula uchafu wa majani yaliyooza. Mzunguko ukikamilika, maji hayahitaji kubadilishwa. Wazo hili likawapanda watu kichwani. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ya kwanza kwa umma ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London.

Hapo ndipo anapoingia Philip Henry Gosse, na hapo ndipo hitilafu yetu inapozaliwa. Gosse aliona kwamba watu wa bara hawawezi kusafirisha maji ya bahari kwa mapipa, basi mwaka 1854 akatafuta namna ya kuyatengeneza. Akachukua uchambuzi wa kemia uliokuwepo, akaupunguza hadi chumvi nne: chumvi ya mezani, chumvi ya Epsom, kloridi ya magnesiamu na kloridi ya potasiamu. Chumvi za chokaa akaziacha. Ile ya salfeti aliona haiyeyuki vizuri. Ile ya kaboneti aliona ni kidogo mno, na tena vipande vya makombe na matumbawe yaliyokufa vilivyowekwa chini ya tangi vingetosha kuyapa maji chokaa.

Msome tena sentensi hiyo ya mwisho. Inaingia akilini kabisa. Mnyama anajenga nyumba ya chokaa, sakafu ni ya chokaa, basi atachota sakafuni. Dhana hiyo ilisafiri kutoka kitabu hadi kitabu, na ukiingia kwenye duka la samaki leo hutakosa mtu wa kukuambia kwamba mchanga wa matumbawe utashikilia kemia ya maji yako.

Hautashikilia. Maji ya juu ya bahari za tropiki tayari yamebeba kalsiamu na kaboneti mara tatu hadi nne zaidi ya kiwango ambacho aina ya chokaa inayojenga matumbawe, aragoniti, huacha kuyeyuka. Ukitupa kipande cha matumbawe makavu ndani ya maji yenye pH ya 8.2, kitakaa vilevile. Ili kianze kuyeyuka itabidi maji yashuke pH sana, na matumbawe hai yatakuwa yameumia kabla ya hapo. Sakafu imejaa chakula, ila kabati limefungwa.

Ujuzi wa kuligundua kosa haukukosekana. Meli ya utafiti Challenger ilizunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, na mkemia William Dittmar akachambua sampuli 77 za maji yake. Ripoti yake ya 1884 ilionyesha kwamba chumvi kuu za bahari hukaa kwa uwiano uleule karibu kila mahali, hata kama jumla yake inapanda au kushuka. Kalsiamu ni kama miligramu 410 hadi 420 kwa lita, magnesiamu kama 1,280 hadi 1,300. Nambari zilikuwa wazi. Lakini aliyekuwa na tangi sebuleni hakusoma ripoti za meli.

Isitoshe, alikuwa na moto mkubwa zaidi wa kuzima, nao ni amonia. Samaki akikojoa, au chakula kikioza, amonia hupanda na kila kitu hufa kwa siku chache. Hii ndiyo hitilafu inayoangusha programu papo hapo. Mwaka 1877 Wafaransa Schloesing na Müntz walionyesha kwamba viumbe hai ndio wanaogeuza amonia kuwa nitreti, na mwaka 1890 Sergei Winogradsky akawatenga bakteria wenyewe. Kwa wafugaji wa nyumbani elimu hiyo ilichelewa mno kufika. Kitabu cha Stephen Spotte cha 1970 ni mojawapo ya vilivyoiweka mezani kwa lugha ya kazi: chujio la tangi ni shamba la bakteria, na kabla ya kuweka samaki lazima shamba liote.

Kulikuwa na njia nyingine. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, aliandika makala kuhusu matangi yake yasiyo na chujio lolote: mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe wake wote, mwanga wa jua, na mapovu ya hewa. Bakteria waliomo ndani ya mawe walifanya kazi yote. Matumbawe yake yaliishi. Waliojaribu kumwiga huko kaskazini wengi walishindwa, na moja ya sababu naona imejificha kwenye ramani: Jakarta iko ufukweni. Mtu anayeweza kuchota maji mapya ya bahari anaongeza kalsiamu bila kujua kwamba anaiongeza.

Mwaka 1986 George Smit aliandika mfululizo wa makala Marekani kuhusu chujio la matone, ambapo maji hudondoka juu ya vipande vya plastiki katikati ya hewa nyingi. Amonia ilitoweka kama mchezo, na watu wakanunua kwa fujo. Lakini tazameni kinachotokea ndani yake. Bakteria wakigeuza amonia kuwa nitreti hutoa asidi, na asidi hiyo hula akiba ya maji ya kujilinda na asidi. Akiba hiyo ndiyo wakemia huiita ualkali, na katika maji ya bahari sehemu yake kubwa ni bikaboneti na kaboneti, ambayo ni nusu ya pili ya mfupa wa tumbawe. Kwa hiyo chombo kilichoponya hitilafu ya haraka kilikuwa kinaongeza kasi ya ile ya polepole. Mliowahi kurekebisha kitu kimoja mkaharibu kingine mnanielewa.

Dawa ilikuwa imeshaandikwa miaka 13 kabla, kwa Kijerumani. Mwaka 1973 Peter Wilkens alichapisha kitabu kuhusu wanyama wasio na uti wa mgongo katika tangi la bahari, akashauri kwamba maji yanayokauka tangini yajazwe si kwa maji matupu bali kwa maji ya chokaa. Wajerumani huyaita Kalkwasser, na maana yake ni hiyohiyo, maji ya chokaa.

Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Chokaa! Nendeni Lamu, nendeni Gede, nendeni Fort Jesus. Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kurundika matumbawe juu ya kuni na kuyachoma. Moto hufukuza kabonidayoksaidi, inabaki chokaa kali; ukiitia maji inachemka na kuwa unga laini, ambao wengine wetu tumeuona bibi akiupaka kwenye jani la tambuu. Ukutani unga huo hunyonya kabonidayoksaidi kutoka hewani polepole na kurudi kuwa jiwe. Mababu zetu waligeuza matumbawe kuwa chokaa. Wilkens alikuwa anageuza chokaa kuwa matumbawe. Ni mlinganyo mmoja unaosomwa kutoka pande mbili.

Ndani ya tangi inakuwa hivi. Lita moja ya maji huyeyusha chini kidogo ya gramu 2 za chokaa hiyo, na pH yake hupita 12, kwa hiyo huingizwa tone kwa tone, usiku hasa. Ikifika tangini inakamata kabonidayoksaidi iliyoyeyuka majini na kuwa kalsiamu na bikaboneti, nusu zote mbili za mfupa kwa uwiano uleule ambao tumbawe huzitumia. Huwezi kuongeza moja ukasahau nyingine. Mjini Berlin, Dietrich Stüber na wenzake waliunganisha maji ya chokaa, mawe yenye uhai kama ya Lee Chin Eng, taa kali na chombo cha kutoa uchafu kwa povu. Matumbawe ya jamii ya Acropora, yale yenye matawi ambayo yalidhaniwa hayafugiki, yakaanza kukua hadi ikabidi yakatwe. Vipande vya tumbawe la Stüber vikagawiwa kwa wafugaji wengine na kukua kwao. Sijui ushahidi mzuri zaidi ya huo kwamba hitilafu imerekebishwa: mtu mwingine anaendesha programu yako kwenye mashine yake nayo inafanya kazi.

Sasa kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Jibu langu liko kwenye hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyoniingiza kwenye habari hii. Rafiki yangu mmoja hapa Nairobi ana tangi la lita 300. Aliniomba programu ndogo ya kuchora grafu za vipimo vyake, nami nikataka kuelewa safu zinavyohusiana. Kila ualkali unaposhuka digrii moja ya Kijerumani (dKH) kwa sababu ya matumbawe kujenga mifupa, kalsiamu hushuka miligramu 7 tu kwa lita. Chukueni tangi lenye ualkali wa 8 na kalsiamu ya 420. Likitumia digrii moja kwa siku bila kuongezwa kitu, siku ya tatu ualkali ni 5, hali ya hatari. Kalsiamu je? Ni 399. Kwa vipimo vya matone vya nyumbani, tofauti ya 20 inaweza kuwa ni jicho lako tu limekosea rangi. Aliyepima kalsiamu peke yake aliona kila kitu kiko shwari hadi siku ya msiba. Kengele iko kwenye ualkali.

Rafiki yangu alikuwa anaangalia kipimo cha tatu, pH. Asubuhi ilikuwa 7.8, naye akawa anatia dawa ya duka ya kupandisha pH, ambayo kwa kawaida ni bikaboneti na kaboneti. Inapanda saa mbili, inashuka tena, anatia tena. Aliponipa takwimu zake ualkali ulikuwa umefika 13, kalsiamu 340, na pampu zimevaa gamba jeupe kama birika la maji ya kisima. Hilo gamba ndiyo kalsiamu yake. Ualkali ukizidi, maji hayawezi kubeba vyote, chokaa inaganda popote penye joto. Na pH ilikuwa chini si kwa sababu maji yana kasoro bali kwa sababu ya Julai ya Nairobi: madirisha yamefungwa, watu sita ndani, jiko la gesi linawaka, kabonidayoksaidi imejaa sebuleni nayo inaingia majini. Aliacha dawa, akatoa mpira wa hewa wa chombo cha povu nje ya dirisha, pH ikapanda bila kutia kitu. Kalsiamu akairudisha polepole kwa kloridi ya kalsiamu, kwa wiki mbili. (Mtu akiwaambia mtumie magadi ya dukani kupandisha ualkali, kataeni. Magadi yetu yana chumvi nyingine na floridi nyingi. Ni ya maharagwe.)

Baada ya chokaa mambo yalikwenda haraka. Miaka ya 1990 Craig Bingman, mwanasayansi Mmarekani, alieleza nafasi ya magnesiamu: hujipachika kwenye uso wa kila punje ya chokaa inayoanza kuganda na kuizuia isikue, kwa hiyo ikishuka sana kalsiamu na ualkali havitulii hata utie nini. Ujerumani Hans-Werner Balling alitoa njia ya kuongeza kloridi ya kalsiamu na bikaboneti kutoka vyombo viwili, pamoja na chumvi maalumu ya kuzuia uwiano ambao Dittmar aliuona usiharibike. Kisha Randy Holmes-Farley akawapa watu mapishi ya bei nafuu: kloridi ya kalsiamu ya kuyeyushia barafu barabarani na bikaboneti ya kuokea mikate, na mwaka 2006 akachapisha toleo lililoboreshwa. Bwana huyu kazini ni mmoja wa wavumbuzi wa sevelamer, dawa inayofunga fosfeti tumboni kwa wagonjwa wa figo. Jioni anawasaidia watu bure na matangi yao.

Leo unaweza kutuma chupa ndogo ya maji maabara na kupata orodha ya elementi kadhaa, na kuna reef-pi, programu huria iliyoandikwa kwa Go inayotumia Raspberry Pi kuendesha pampu na kurekodi vipimo. Nimeisoma kodi yake. Ni safi.

Lakini kilichonifanya niandike yote haya ni tangi moja kubwa kuliko yote. Biosphere 2 ni jengo la kioo huko Arizona ambamo watu wanane walifungiwa kuanzia Septemba 1991 hadi Septemba 1993, pamoja na shamba, msitu, na bahari ndogo yenye matumbawe na zaidi ya lita milioni 2. Kabonidayoksaidi ikapanda, maji ya bahari yakaanza kushuka pH, na wakaaji wakalazimika kutia kemikali za kaboneti kama mfugaji yeyote wa sebuleni. Wakati huohuo oksijeni ilikuwa inapungua, kutoka asilimia 21 hadi 14 na kidogo, watu wakapumua kwa shida, na Januari 1993 ikabidi iingizwe kutoka nje. Bakteria wa udongo walikuwa wanaitumia na kutoa kabonidayoksaidi, ila kabonidayoksaidi iliyopatikana haikulingana na oksijeni iliyopotea. Ilikwenda wapi? Jeff Severinghaus na wenzake waliipata mwaka 1994: ukutani. Saruji mbichi imejaa chokaa, nayo ilikuwa inainyonya na kuwa jiwe, kama ukuta wa Lamu.

Baadaye jengo lilipokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Columbia, Chris Langdon alitumia bahari ileile kwa jaribio la makusudi, akipandisha na kushusha kemia na kupima kasi ya matumbawe kujenga. Matokeo yake ya 2000 yalionyesha kwamba kasi hiyo inafuata kiwango cha kaboneti na kalsiamu majini, hata kabla maji hayajafikia hali ya kuyeyusha chokaa. Maana yake bahari ya kweli, ambayo pH yake ya juu imeshuka kwa takriban 0.1 tangu viwanda vianze, inawapunguzia matumbawe kasi sasa hivi, Watamu na Kisite zikiwemo, hata pale ambapo joto halijawaua.

Mwaka 2016 Rebecca Albright na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwenye mwamba wa One Tree, Australia. Walimimina hidroksidi ya sodiamu baharini pamoja na rangi ya kufuatilia maji, wakarudisha kemia ya mkondo huo karibu na ilivyokuwa kabla ya viwanda. Ujenzi wa matumbawe uliongezeka kwa kama asilimia 7. Mwaka 2018 wakachapisha kinyume chake: waliongeza kabonidayoksaidi hadi kiwango kinachotarajiwa mwishoni mwa karne hii, na ujenzi ukashuka kwa asilimia 34.